Giligilani ya mbegu Lubumbashi: samadi na mbolea ya dukani pamoja

Giligilani ya majani na giligilani ya mbegu ni mmea mmoja, lakini hazilishwi sawasawa. Anayetafuta mbegu akizidisha urea, mbolea ya dukani ya naitrojeni tupu, atapata mashina marefu yanayolala chini na mbegu chache zinazochelewa kukomaa. Hilo ndilo nawaambia kwanza kina mama wanaokuja kuniuliza bustanini.

Kwa nini nachanganya samadi na mbolea ya dukani? Udongo wetu mwekundu una tindikali na hufunga fosforasi, hivyo NPK, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ikiwekwa peke yake, sehemu kubwa ya fosforasi yake mmea hauipati. Samadi hupunguza kufungwa huko na hushika maji ya kumwagilia. Lakini samadi nayo huachia chakula chake polepole, na mche mchanga hausubiri.

Lundo la samadi anza kuliandaa Januari. Samadi ya kuku wa nyama huja na vumbi la mbao. Ikiwa mbichi, vumbi hilo hunyang'anya mimea naitrojeni, na ukali wa kinyesi cha kuku huunguza mizizi. Ichanganye na ya ng'ombe au mbuzi, ifunike, igeuze kila baada ya wiki mbili. Chomeka fito katikati ya lundo, iache kidogo, kisha ichomoe uishike. Ikiwa bado ya moto, subiri. Iliyoiva ni ya baridi, nyeusi, inavunjika mkononi, na harufu kali ya kuwasha pua imekwisha.

Panda kuanzia mwisho wa Machi hadi Aprili, mvua zikipungua, ili maua na mbegu vikute kiangazi. Mvua juu ya maua huleta ukungu.

Kwa tuta la mita 1 kwa 10, weka kilo 10 za samadi iliyoiva, au kilo 5 kama ni ya kuku tupu, wiki mbili kabla ya kupanda, uichanganye na udongo wa juu. Siku ya kupanda chora mifereji iliyoachana sentimita 30, ugawe humo gramu 150 za NPK 10-20-10. Bila samadi ningeweka 200. Funika mbolea kwa udongo unene wa vidole viwili ndipo uweke mbegu. Zikigusana, mbegu inaungua. Mwombe mwenye duka akupimie mbolea hiyo kwenye mizani, uimimine ndani ya kopo na utie alama. Kopo hilo litakuwa kipimo chako miaka yote.

Punje ya giligilani ina mbegu mbili ndani. Isugue kwa ubao mpaka ipasuke, loweka usiku mmoja, panda. Baadaye punguza miche ibaki sentimita 10 hadi 15 kati yake.

Urea huja mara moja tu: gramu 40 kwa tuta, wiki ya tano au ya sita, kabla shina halijapanda kutafuta maua. Iweke kando ya mstari kwenye udongo wenye unyevu, ifukie, mwagilia. Kama majani ni ya kijani kibichi sana, usiiweke kabisa. Maua yakitokea, habari ya urea imekwisha. Kwa uwatu, ambao hujitengenezea naitrojeni mizizini kama maharage, mimi siweki urea.

Ukitumia chokaa, usiiweke siku moja na samadi au urea, kwa sababu naitrojeni itapotea hewani. Tangulia na chokaa, wiki kadhaa kabla.

Na tafadhali, usilime chakula upande ambako moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa ukianguka, kaskazini-magharibi ya bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Samadi haiondoi udongoni madini yenye sumu kama risasi na kadimiamu.

Vuna pale nusu ya punje zinapogeuka rangi ya majani makavu, asubuhi na mapema zisipukutike, uzianike kivulini. Mabua yarudishe kwenye lundo. Mvua za Novemba zikianza, panda maharage kwenye tuta hilo bila samadi mpya. Ile ya kwanza bado inafanya kazi.