Insha iwe kijitabu chenye msomaji

Walimu wenzangu wa Kiswahili wa gredi ya 7 hadi 9, badala ya mada mpya ya insha kila wiki, jaribuni kazi moja ya muhula mzima: kila mwanafunzi atunge kijitabu cha hadithi kwa ajili ya watoto wa gredi ya 3. Karatasi 2 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 8, zinatosha kabisa.

Nguvu yote iko kwa msomaji. Mwanafunzi akijua atasikilizwa na mtoto wa miaka minane, huacha mwenyewe methali za kupachika na misamiati ya kumfurahisha mtahini.

Kwanza waombe kisa nyumbani, kwa bibi au jirani, kisha wakigeuze: mhusika mwingine, mahali pengine, mwisho mwingine. Kwenye rasimu ya kwanza usiguse tahajia. Uliza tu, "Hapa sungura alitaka nini?" Asiyependa kuchora asilazimishwe.

Wawasomee wadogo rasimu kabla ya kushona kijitabu. Pale wasikilizaji wanapoanza kuchezacheza, mwandishi atie alama. Hapo ndipo pa kufupisha.