Kuchora Upya Historia ya Ukame kwa Nyaraka za Kale za Serikali

Majalada ya zamani yana mengi kuhusu njaa, ila mwaka wa njaa si lazima uwe mwaka wa ukame, kwa kuwa nzige, vita na maradhi ya mifugo navyo humaliza ghala. Somo hili limejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya 1. Chunguza ni nani aliandika, alimwandikia nani na alitaka nini. Ofisa aliyeombea eneo lake msamaha wa kodi alikuwa na sababu ya kutia chumvi.

Hatua ya 2. Andaa jedwali lenye safu mbalimbali za mvua, mito na visima, mavuno, bei, na misaada. Nakili maneno ya taarifa kama yalivyo, pamoja na tarehe na mahali, bila kuyapa maana yako mapema.

Hatua ya 3. Yape maelezo alama za ukali. Mfano ninaouona bora zaidi unatoka Hispania, ambako watafiti hutumia kumbukumbu za mabaraza ya miji na makanisa kuhusu ibada za kuomba mvua: kadiri ukame ulivyozidi, ndivyo ibada zilivyopanda daraja, kuanzia sala za ndani ya kanisa hadi maandamano na hija, hivyo aina ya ibada yenyewe ikawa kipimo.

Hatua ya 4. Palipo na takwimu za vipimamvua, zidisha inchi kwa 25.4 upate milimita, kisha linganisha na vituo jirani, maana kipimamvua kilichohamishwa huweza kuzaa ukame wa bandia. Kipimo sanifu cha mvua (SPI), yaani hesabu inayoonyesha mvua ilivyopungua au kuzidi kawaida ya mahali, kilichopendekezwa mwaka 1993, huhitaji takwimu za miaka ipatayo 30.

Maswali ya wanachama

Swali: Jalada la mwaka fulani likikosekana, niandike sifuri?

Jibu: Hapana, acha wazi na ueleze sababu. Sifuri inadai kwamba mtu alipima na hakukuta mvua, jambo ambalo huna ushahidi nalo.

Swali: Taarifa zetu zinafuata mwaka wa fedha. Nifanyeje?

Jibu: Panga matukio kwa msimu wa mvua, ukitumia tarehe za barua zilizoambatanishwa. Usipofanya hivyo, msimu mmoja mbaya utagawanyika na kuonekana kama miaka miwili ya ukame.

Swali: Je, pete za miti, yaani miduara ya ukuaji ndani ya shina, zinaweza kuthibitisha matokeo?

Jibu: Zinaweza, mradi mti wenyewe ulikua kwa kutegemea mvua na si maji ya mto. Kamilisha kwanza alama za nyaraka, ndipo ulinganishe, ili ushahidi mmoja usiuelekeze mwingine.