Somo: Nitrati inavyoingia kwenye mzizi, na inakopotelea wakati wa Masika

Assalaam aleykum ndugu zangu wakulima. Mtu anaweka urea kwenye tungule au mchicha, Masika inapiga, na baada ya muda majani ya chini yanapiga manjano kana kwamba hakuweka kitu. Tuifuate nitrojeni kuanzia inapomwagwa mpaka inapoingia mzizini.

Hatua ya 1: Mbolea inageuka. Urea ina nitrojeni asilimia 46, lakini sehemu kubwa hailiwi na mmea kama ilivyo. Udongoni inageuzwa kwanza kuwa amoniamu, kisha bakteria wanaifanya nitriti, halafu nitrati, ambayo ndiyo sura ya nitrojeni mboga hizi zinayoila zaidi. Ifukie papo hapo. Ikibaki juu ya ardhi, sehemu yake inapaa kama hewa ya amonia, na kwenye uwanda, penye chokaa ya matumbawe, hasara ni kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Inasafiri na maji. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi ya umeme, na nitrati pia ina chaji hasi; chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo hazishikani. Amoniamu yenye chaji chanya inashikwa. Nitrati inabaki ndani ya maji. Majani yakitoa mvuke, mmea unavuta maji na nitrati inafuata mpaka mzizini. Lakini maji yakizama, nayo inazama. Kwenye kichanga, mvua kubwa za Masika zinaishusha upesi chini kuliko mizizi mifupi ya mchicha inavyofika.

Hatua ya 3: Mlangoni. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Ng'oa mche wa mchicha taratibu, na udongo wake. Utaona punje za mchanga zimeng'ang'ania nyuma kidogo ya ncha ya mzizi hata ukiutikisa. Zimeshikwa na vinyweleo vyembamba mno, na kila kinyweleo ni seli moja iliyorefuka. Hapo nitrati nyingi huingia.

Haiingii bure. Ndani ya seli kuna chaji hasi, kwa hiyo nitrati inasukumwa nje. Mzizi unatumia nguvu zake kutoa haidrojeni yenye chaji chanya. Haidrojeni hiyo inapotaka kurudi ndani, inapitia milango maalumu ya protini na kuichukua nitrati, kwa kawaida haidrojeni mbili kwa nitrati moja, kama mtoto aliyeshikwa mikono na wazee wake wawili. Jeni ya mlango wa namna hii ilitambuliwa mwaka 1993 kwenye mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Ipo milango inayofanya kazi nitrati ikiwa nyingi, na ipo inayoweza kuokota hata ikiwa kidogo sana.

Nguvu ya kuendesha kazi hiyo inatokana na sukari ya majani na oksijeni. Mzizi uliozama majini haupumui, na usiopumua hauli, hata ukizungukwa na mbolea.

Hatua ya 4: Ndani. Nitrati inageuzwa tena kuwa amoniamu, kisha protini. Nyingi hupanda kwanza majani.

Kwa hiyo gawa mbolea. Badala ya kizibo kizima cha soda kwa mche wa tungule mara moja, weka nusu, na nusu nyingine baada ya wiki mbili au tatu, mbali kidogo na shina. Usiweke mvua kubwa ikiwa imekaribia. Inua matuta.

Masuala ya wanachama

*Maalim, mimi niko Konde. Mpunga wa bondeni nao unataka nitrati?*
Hapana ndugu yangu. Kwenye maji yaliyosimama, bakteria waliokosa hewa wanachukua oksijeni ya nitrati, na nitrojeni inatoka ikiwa gesi. Mpunga unakula zaidi amoniamu, na mizizi yake inapelekewa hewa kutoka majani. Tumia urea; CAN, mbolea ya dukani yenye nitrati ndani yake, iwachie bustani.

*Bilingani zangu zimesimama majini siku kadhaa, zimekuwa manjano. Niongeze mbolea?*
Ngoja kwanza, dada. Chimba mtaro maji yatoke, mizizi ipate hewa. Ukiona machipukizi mapya, ndipo uweke kidogo.

*Nitrati ya samadi si bora kuliko ya dukani?*
Mlangoni ni kitu kimoja, mzizi hauzitofautishi. Ubora wa samadi ni kwamba inaitoa polepole, na mboji yake inashika maji kwenye kichanga. Mimi napenda kuzichanganya.

*Nikizidisha urea, mchicha una madhara kwa mlaji?*
Nitrati inajikusanya majanini, khasa siku za mawingu, kwani kuigeuza kunahitaji mwanga. Usizidishe, na chuma mchicha alasiri baada ya jua badala ya alfajiri. Watoto wachanga ndio wa kuwaangalia zaidi.