Namna ya kuona alama za mionzi kwenye plastiki ya CR-39

Mtu akitaka kupima gesi ya radoni (gesi ya mionzi inayotokana na urani ya ardhini) ndani ya nyumba, tuseme nyumba ya tembe huku Bahi, Dodoma, ambako ardhini kuna urani, anaweka kipande cha plastiki ya CR-39 kwenye kikopo na kukiacha kama miezi 3 hivi. Chembe za alfa, yaani mionzi inayotoka kwenye radoni, zikipiga ile plastiki zinakata minyororo ya molekuli njia nzima zinapopita, ila kwa macho huoni kitu kabisa, kinabaki kinang'aa kama lenzi ya miwani.

Sasa kazi yenyewe ni kukiloweka kwenye kostiki soda ya moto, ile ya watengeneza sabuni, gramu 250 kwa lita moja ya myeyusho, nyuzi 70, masaa kama 6. Tafadhali sana vaa glavu na miwani, na kostiki ndo inaingia kwenye maji kidogokidogo, usimwagie maji juu yake! Palipokatika panaliwa haraka kuliko pengine, so ukisuuza na kuweka kwenye hadubini unaona vishimo vya duara, vingine vimelala kama yai, unavihesabu kujua radoni ni kiasi gani.

Jua la Dodoma nalo linaharibu plastiki, so tunza vipande gizani penye ubaridi.