Udongo wa fedha: vifaa vya kuanzia na jinsi ya kutengeneza kidani cha kwanza

Anayeanza kazi hii karibu kila mara huuliza bei ya tanuri. Tanuri hulihitaji bado. Kwa kidani kidogo, pesa yako iende kwenye vitu viwili: udongo wenyewe na tochi ya gesi. Vingine vingi unavyo nyumbani.

Udongo huu ulibuniwa Japani na kampuni ya Mitsubishi Materials mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni unga laini mno wa fedha uliokandwa kwa maji na gundi. Motoni maji na gundi huondoka, chembe hushikana, nawe unabaki na fedha ya asilimia 99.9.

Hatua ya 1: Nunua udongo unaokubali tochi

Soma pakiti. Art Clay Silver, kwa mfano, inachomeka kwa tochi, na gramu 10 zinatosha kidani kimoja. Udongo wa shaba ni wa bei nafuu na unashawishi, lakini kwa kawaida huchomwa ukiwa umefukiwa kwenye makaa maalumu ndani ya chombo cha chuma, tanurini, ili hewa isiuharibu. Uache kwanza.

Hatua ya 2: Andaa meza kabla ya kufungua pakiti

Udongo hukauka haraka, kwa hiyo zima feni. Weka tayari kipande cha kioo au kigae laini, nailoni, kipande kifupi cha bomba la PVC cha kusukumia, karata, wembe, sindano nene, mrija wa soda, brashi ndogo ya rangi, maji safi kikombeni na mafuta ya zeituni kidogo. Seti za vifaa zinazouzwa kwa wanaoanza ni nzuri kwa macho, ila mimi sioni zinaizidi nini karata na bomba.

Onyo moja: usitumie sinia, sufuria wala foili ya alumini. Alumini ikigusana na udongo wa fedha mbichi huuharibu.

Hatua ya 3: Sukuma, chapa, kata

Paka mafuta kidogo sana kwenye vidole, kioo na bomba. Panga karata nne kulia na nne kushoto, udongo katikati, kisha sukuma bomba likipita juu ya karata. Utapata unene wa kama milimita 1, ulio sawa kila mahali. Sasa lazia jani bichi la mwarobaini, upande wa chini wenye mishipa ukigusa udongo, usukume mara moja tu. Ukirudia, mishipa inajichora mara mbili.

Kata umbo kwa wembe, toboa tundu kwa mrija, ukiacha angalau milimita 3 kutoka ukingoni. Kumbuka kipande kitasinyaa motoni, kwa aina hii kama asilimia 8 hadi 10, na tundu nalo litapungua.

Mabaki yafunge mara moja kwenye nailoni pamoja na kitambaa chenye unyevu, ndani ya kopo lenye mfuniko.

Hatua ya 4: Kausha, kisha piga msasa

Acha kipande mpaka kesho yake. Kukijaribu, kipashe joto kidogo, kilaze juu ya kioo baridi, kisha kiinue. Ukiona ukungu kwenye kioo, bado kina maji, na maji hayo yakigeuka mvuke ghafla motoni yanaweza kukipasua.

Kikikauka ni laini kama chaki, basi maliza kingo sasa kwa msasa mwembamba, juu ya karatasi. Vumbi lile ni fedha: likusanye, ulichanganye na maji upate uji wa kuzibia nyufa.

Hatua ya 5: Choma

Hapa usiwe na haraka. Fanyia kazi mahali penye hewa lakini pasipo mwanga mkali, maana utaongozwa na rangi. Kipande kisizidi gramu 25. Kilaze juu ya tofali la kuhimili moto, funga nywele, weka kibano karibu.

Zungusha mwali juu yake bila kutulia sehemu moja. Kwanza utatoka moshi na kimwali kidogo: ni gundi inaungua. Kisha kipande kitakuwa cheupe, halafu kitaanza kung'aa rangi ya chungwa iliyopauka. Anza kuhesabu hapo, na ushikilie rangi hiyo kwa dakika 2 au 3. Uso ukianza kumetameta kama kioo, ondoa moto papo hapo, kwani fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962.

Hatua ya 6: Ng'arisha

Kikipoa kitabaki cheupe, na wengi hudhani kimeharibika. Kisugue kwa brashi ya waya laini, kwa maji na sabuni, fedha itajitokeza. Mgongo wa kijiko cha chuma cha pua ukisuguliwa kingoni unaongeza mng'ao.

Ukitaka mishipa ya jani iwe myeusi, ponda yai la kuchemsha likiwa bado moto, ulifunge kwenye mfuko pamoja na kidani, pasipo kugusana. Salfa ya yai itakitia rangi polepole. Kikikolea, kitoe, kioshe, upitishe msasa mwembamba kabisa juu ya sehemu zilizoinuka tu, kisha pitisha kipete cha waya kwenye tundu.