Somo: Kumpiga picha mbung'o kwa karibu bila kumkimbiza

Habari zenu wakuu. Tangu niweke ile picha ya mbung'o akinyonya damu kwenye goti langu, maswali yamekuwa mengi kuliko ninavyoweza kujibu moja moja. Basi naandika somo zima, na maswali mliyonitumia nimeyajibu mwishoni.

Tuanze na jambo ambalo wengi wanalikosea. Kipepeo unamkimbiza, kereng'ende unamvizia, ila mdudu anayeuma anakutafuta yeye. Kumfukuzia ni kupoteza nguvu. Kazi yako ni kumsubiri ukiwa umeshajiandaa: mwanga umepangwa, fokasi (umbali ambao lenzi inaona kwa ukali) imefungwa isibadilike, mkono umetulia. Picha nyingi zinapotea kwa sababu mbung'o anatua, halafu ndiyo kwanza mtu anaanza kutafuta vitufe.

Mjue kwanza

Mbung'o, au ndorobo kama wengine tunavyomwita, ana urefu wa milimita 6 hadi 14. Akitua, mabawa hulaliana mgongoni, moja juu ya jingine, kama makali ya mkasi uliofungwa. Chafuo, inzi mwingine anayeuma, hafanyi hivyo, mabawa yake huachana kidogo. Mrija wa kunyonyea umechomoza moja kwa moja mbele ya kichwa. Na katikati ya kila bawa kuna kichumba chenye umbo la shoka. Mimi hicho ndicho kipimo changu: kishoka kikionekana na kingo zake kali, na jicho nalo limetulia vizuri, hiyo ni picha. Kisipoonekana, nafuta.

Dume na jike wote wananyonya damu, tofauti na mbu. Kwa hiyo yeyote anayetua kwako amekuja kikazi.

Hatua ya 1: Vifaa

Lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 inayofika ukubwa wa moja kwa moja (yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 za sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha) ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu inakuacha mbali kidogo na mdudu. Usipokuwa nayo, tafuta mirija ya kurefusha lenzi, au ringi ya kugeuzia lenzi ya milimita 50 ikae kinyumenyume. Mimi nilianza na ringi. Inakulazimu kusogea karibu mno, kivuli cha lenzi kinamwangukia mdudu, lakini picha inatoka. Msitumie kutokuwa na lenzi ya bei mbaya kama kisingizio.

Flashi ni ya lazima. Hapo sina maelewano.

Hatua ya 2: Pangeni mwanga nyumbani, si porini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mgongo wa mbung'o unang'aa kidogo na macho yake ni makubwa. Flashi tupu inaacha doa jeupe kwenye jicho na kuua rangi yote. Unahitaji kitu cheupe kinachopitisha mwanga, kikubwa kuliko kichwa cha flashi, na kiwe karibu sana na mdudu. Kadiri kinavyokuwa karibu ndivyo mwanga unavyokuwa laini.

Cha kwangu nimekata kutoka ubavuni mwa dumu jeupe la plastiki, nikakisugua kwa msasa, nikakikunja kama kibanda juu ya ncha ya lenzi. Cha kwanza kabisa nilikata dumu la mafuta ya kula lenye unjano. Safari nzima wadudu wangu walitoka kama wana homa ya manjano.

Ukimaliza, weka punje ya mchele juu ya suruali nyeusi na uipige picha mara 50. Sitanii. Punje haina tofauti kubwa sana na mbung'o kwa ukubwa, na kitambaa cheusi kitakuonyesha kama flashi imezidi. Rekebisha nguvu ya flashi hadi punje ionyeshe mistari yake bila kuungua. Ukishapata, usiguse tena.

Mipangilio yangu ya kuanzia: shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/200, tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu linabana), ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 200, flashi kwa mkono kwenye 1/8 au 1/16 ya nguvu yake. Kinachogandisha mwendo hapa ni mmweko wa flashi, ambao ni mfupi sana, wala si shata. Kwa ukubwa wa moja kwa moja na f/11, sehemu inayoonekana kali ina kina cha kama milimita 1.3 tu. Utatamani kubana hadi f/22 ili upate zaidi. Utapata, lakini tundu likiwa dogo hivyo mwanga hutawanyika na picha nzima inalegea. Bora milimita moja iliyo kali.

Hatua ya 3: Mahali na saa

Mbung'o anapenda pori lenye vichaka na kivuli. Waliowahi kupita hifadhi za Tarangire au Katavi hawahitaji kuelekezwa. Hutoka kukiwa na joto la wastani, asubuhi ikishapata jua na tena alasiri. Saa sita mchana ya kiangazi wengi hujificha kivulini, na alfajiri ya baridi hawaruki kabisa.

Wanavutwa na kitu kinachotembea, hasa kikubwa na cheusi. Gari ni nyati mkubwa kwao. Endesheni polepole kwenye vichaka, kisha simameni kivulini, zimeni injini, fungueni dirisha la upande mmoja. Hamtasubiri sana. Hifadhini hairuhusiwi kushuka popote unapotaka, na kwa kazi hii hakuna haja.

Hatua ya 4: Kupiga

Kuna nafasi tatu, nazipanga kwa urahisi.

Ya kwanza ni kioo cha mbele. Mbung'o akiingia ndani huenda kwenye mwanga na kutambaa kiooni. Futa kioo ndani na nje kabla ya safari. Akiwa nje ya kioo unaona tumbo, miguu yote sita na mrija kutoka chini, jambo ambalo huwezi kulipata kwingine. Inamisha kamera kidogo ili flashi isirudi kwenye lenzi.

Ya pili ni mguuni kwako. Vaa suruali nene ya kaki na uutulize mguu. Funga fokasi kwenye ukubwa unaoutaka, usiiguse tena. Anza kusogea kutoka mbali, viwiko vimebanwa mbavuni, ukiyumba mbele na nyuma kidogo kidogo, na ubonyeze kitufe jicho lake linapoonekana kali. Njoo kutoka mbele au ubavuni kwa mwendo mmoja. Ukisita na kushtuka, ameondoka. Pumzi nayo usimwelekezee.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: aliyeshiba. Mbung'o akinyonya, tumbo huvimba na kuwa jekundu, akawa amebeba damu inayoweza kuzidi uzito wake mwenyewe. Hawezi kwenda mbali. Anatua kwenye shina la mti au mlango wa gari na kutulia akitoa maji mwilini, matone madogo angavu. Hapo una dakika za kutosha. Piga picha kadhaa, kila moja fokasi imesogea kidogo, uziunganishe nyumbani kwenye programu. Kama damu hiyo imetoka kwako, basi angalau dai picha yako.

Aliyekufa usimpige ukamwita hai. Macho yamefifia na miguu imekunjika, tunaona.

Maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu. Niache?*

Marahaba. Usiache. Nunua kile kilenzi cha kubana juu ya kamera ya simu, uanze na kioo cha gari, kwa sababu pale mdudu yuko bapa na fokasi haikusumbui. Tumia jua badala ya flashi, na karatasi nyeupe upande wa kivuli irudishe mwanga.

*Kaka, nijipake dawa ya wadudu kabla?*

Kwa mbu, ndiyo. Kwa mbung'o inasaidia kidogo sana. Kinachomvuta ni rangi na mwendo, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Rangi hizo ziache nyumbani, na nguo nyepesi pia, maana mrija unapenya. Na tahadhari: dawa zenye DEET (kemikali ya kufukuza wadudu) huyeyusha plastiki na mpira. Kamera yangu ina alama ya dole gumba langu hadi leo. Nawa mikono kwanza.

*Na malale je? Huogopi?*

Naogopa kwa kiasi. Mbung'o wengi hawana vimelea, lakini ugonjwa upo. Ukiona pale ulipoumwa panavimba na kuwa kidonda, au ukapata homa siku au wiki zinazofuata, nenda hospitali na useme wazi kwamba uliumwa na mbung'o, na wapi. Usipotaja, watapima malaria na kuishia hapo. Kwa ajili ya picha, kuumwa kwa makusudi si lazima. Kioo kinatosha.

*Mimi niko Unguja, nitawapata wapi?*

Hutawapata. Madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi waliachiwa kwa ndege juu ya kisiwa, majike wakapandwa bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996, na 1997 kisiwa kikatangazwa huru. Wewe tafuta maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani, kwenye mikarafuu na miembe. Wapige wakishona kiota: wengine wanavuta majani yakutane, wengine wamebeba funza wao mdomoni na kumtumia kama sindano, uzi wa hariri unamtoka yeye. Usiegemee tawi.

*Siafu nao wanafaa kwa mpangilio huu huu?*

Wanafaa, ila pandisha soksi juu ya suruali na usisimame juu ya njia yao. Wale wanaopita katikati ya msafara ni wadogo na hawana macho, hawana mvuto sana. Elekeza lenzi pembeni ya msafara, walipo askari wenye vichwa vikubwa, taya wazi, wametulia kama wamewekwa. Lala chini upande ambao upepo haupeleki pumzi yako kwao. Na kagua mkoba kabla ya kuurudisha garini. Mimi sikukagua, tukasimama mara tatu kabla ya kufika lami, abiria wote nje, kila mtu anavua viatu.