Jinsi ya kutengeneza modeli ya stoo kuukuu ya mbao

Kwanza tafuta stoo yenyewe uitazame, pande za Njoro na Molo huko Nakuru hukosi moja imeinama, piga picha za karibu. Skeli ya 1:25 iko sawa, ukuta wa mita 3 unakuwa sentimita 12. Kuta ni vijiti vya aiskrimu.

Sasa rangi ya mbao, hapa ndio kazi iko. Usipake rangi ya kijivu ya dukani, inakaa bandia kabisa. Loweka stilwulu (nyuzi za chuma za kusugulia sufuria) kwa siki usiku kucha, usikaze kifuniko kwa sababu inatoa gesi, halafu chovya vijiti kwa strungi nzito (chai bila maziwa) vikauke ndio upake hiyo siki, tanini ya majani chai ikipatana na chuma mbao inageuka kijivu yenyewe, inapendeza sana!

Vunja ncha za chini zaidi, mvua hurukia hapo ndio mbao inaoza. Mabati ni foili, ibonyeze juu ya mikunjo ya katoni nyembamba. Rangi ya kutu weka kwa matundu ya misumari na penye mabati yamepandana, nyunyizia vumbi ya murram iliyochungwa kabla rangi ikauke. Paa ibonyee kidogo katikati.